Ngazi ya Mlango wa Nyuma

Mume wangu ni mwashi, na mtaa mzima unamwita Zege. Si kwa sababu ya kazi tu. Ana mabega mapana, anatembea taratibu, na akishaamua jambo limeshaganda. Ukitaka kulibadilisha tafuta nyundo. Mimi ni mshonaji. Miguu yangu iliacha kunitii nikiwa mtoto mdogo, baada ya homa ambayo mama yangu hakupenda kuisimulia, na tangu hapo nimekua nikisukuma magurudumu ya kiti. Cherehani yangu ni ya umeme. Kile kikanyagio ambacho wenzangu wanakiweka chini, mimi nimekifunga kwa mpira juu ya meza na ninakibonyeza kwa kiwiko. Wateja wapya hukodoa macho. Wakishauona mshono ulivyonyooka wanaanza kuuliza nguo itakuwa tayari lini.

Lazima niwaambie nilivyompata Zege, maana bila hilo hamtaielewa habari ya ngazi. Alikuja dukani kwangu na suruali ya kazi iliyochanika goti. Nikaitia kiraka. Baada ya siku chache akaleta goti la pili. Haukupita muda akarudi na lile la kwanza, kiraka changu kimetoboka, na hapo nikapandwa na hasira kwa sababu kiraka changu huwa hakitoboki. Nikaigeuza suruali ndani nje, nikaisogeza kwenye taa. Nyuzi hazikuwa zimesagika hata kidogo.

"Hii imekatwa kwa kisu," nikamwambia.

Akatazama dari.

"Wewe baba, mbona unakata suruali nzima?"

"Sasa ningekuja kwa sababu gani?" akajibu, kwa sauti ndogo isiyolingana na kifua chake.

Nilicheka mpaka nikamwaga kopo la pini. Yeye ndiye aliyepiga magoti kuziokota, na suruali ile nikaishona bure. Ndivyo ilivyokuwa. Wengine wanaletewa maua, mimi nililetewa tundu.

Baada ya ndoa tulipanga vyumba viwili katika nyumba yenye msingi mrefu, na mlangoni kuna ngazi. Kila asubuhi Zege alinibeba kunishusha, akaniweka kwenye kibaraza cha jirani, akarudi kuchukua kiti. Jioni ilikuwa vilevile, kinyumenyume. Na kila mara, akishaniweka vizuri mikononi, aliuliza, "Mzigo huu wa nani?"

"Wa mwenyewe," nilimjibu. "Ukivunja, umenunua."

Utani wenyewe ulishachakaa, lakini hatukuwahi kuuacha. Sitawadanganya, kubebwa na Zege ni kutamu. Ananukia sabuni na saruji, na moyo wake unagonga taratibu kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Kilichonichosha si kubebwa. Kilichonichosha ni kusubiri kubebwa. Akichelewa kazini, nami nachelewa kuingia kwangu. Nikisahau mkasi ndani, mkasi umelala hukohuko mpaka arudi. Na humo ndani kwenyewe, nyumba ilikuwa imejengwa kwa ajili ya watu wengine. Kioo kilinionyesha utosi. Taa niliiwasha kwa kubonyeza swichi na ncha ya rula. Mlango wa bafu tuliung'oa, tukaweka pazia, kwa sababu kiti kilikuwa kinakwama. Wageni wakija walimuuliza Zege, huku wakinitazama mimi, "Anakunywa chai?" Naye aliwajibu, "Muulizeni mwenyewe, mdomo anao kuliko mimi."

Basi jioni, nikishamaliza kazi, tulikuwa na mchezo wetu. Dukani nilikuwa na meza ya kukatia, pana, yenye uso mweusi. Niliifuta, nikachukua chaki ya kuchorea vitambaa, tukajenga nyumba. Mimi nachora ukuta, yeye anauhamisha. Yeye anachora dirisha, mimi nalifuta nalishusha.

"Mimi nataka ghorofa," alikuwa akinichokoza.

"Na mimi nikae wapi, nje na ndoo?"

"Tutakuvuta kwa kamba, Bosi. Kama tofali."

"Vuta mama yako."

Kisha tukacheka, na asubuhi nikatandaza kitambaa cha mteja juu ya nyumba yetu nikaanza kukata. Chumba ambacho sikukifuta kamwe, hata kwa hasira, kilikuwa ua wa nyuma. Tangu utotoni mimi nje huwa nawekwa. Mtu ananitoa, ananiweka kwenye kivuli, anakwenda zake, kivuli kinahama, mimi nabaki. Nilitaka ua ambao natoka mwenyewe nikijisikia, naanika nguo zangu kwenye kamba iliyo usawa wangu, narudi ndani nikichoka, na hakuna aliyejua wala aliyeulizwa. Hiyo ndiyo ilikuwa nyumba yenyewe kwangu. Vyumba vingine vilikuwa nyongeza.

Pengine ingebaki chaki mpaka leo kama si mvua. Siku hiyo nilirudi mapema na gauni la bibi harusi mapajani, limebaki kushonwa vifungo tu. Zege alikuwa kazini mbali. Majirani wote walikuwa wamekwenda msibani. Nikafika chini ya ngazi, ufunguo mkononi, mlango wangu nauona, na mvua ikaanza. Haikuanza kwa manyunyu, ilishuka yote kwa mpigo. Nikajikunja juu ya lile gauni, nikalifunika kwa kifua na mikono, nikakaa hivyo huku maji yakinipita mgongoni. Zege aliponikuta nilikuwa natetemeka meno yanagongana, na gauni lilikuwa kavu. Alinibeba akaniingiza ndani. Hakuuliza mzigo ni wa nani. Alinikausha nywele kwa taulo, na kesho yake akaenda kwa mama yake kuzungumza juu ya kiwanja alichoacha marehemu baba yake.

Ndivyo ujenzi ulivyoanza, wakati wa mapumziko yake na siku zisizo na kazi ya watu. Njia ya kule ilikuwa mchanga mtupu ambao magurudumu yangu yasingefua dafu juu yake. Zege alitaka kunibeba nikaone msingi. Nikakataa katakata.

"Sitaingia nyumba yangu mgongoni kwa mtu," nikamwambia. "Nitakuja siku naweza kuingia mwenyewe."

Alijua sitanii. Kwa hiyo kila jioni aliniletea nyumba kwa mdomo. Alikaa upande wa pili wa meza na vumbi lake, akaniambia leo ukuta umefika wapi, nami nikauchora ulipofika. Na vipimo vyote alivichukua kwangu. Aliazima tepu yangu ya kushonea, akanipima kama mimi ninavyopima wateja: mkono ukinyooshwa juu, magoti yakiwa chini ya meza, viwiko kiti kinapogeuka.

"Legeza bega," aliniambia. "Usijikaze. Kaa kama unavyokaa siku zote."

"Hayo maneno ni yangu."

"Basi yatii."

Mama mkwe wangu, ambaye anaishi jirani na kile kiwanja, alijipa ukaguzi bila kuombwa na mtu. Ni mwanamke wa magoti mabovu na ulimi mzima. Alikuja kwetu kutoa ripoti.

"Mwanangu, huyo mume wako amechanganyikiwa. Milango ile anapitisha ng'ombe?"

"Anapitisha mkweo, mama."

"Wewe si ng'ombe. Na zile swichi kaziweka chini kabisa, paka atazima taa tukiwa tunakula."

"Basi utakula kwa kupapasa."

"Na mbele hakuna ngazi! Kuna mteremko tu, kama ghala la mahindi. Watu watatuonaje?"

Alilalamika hivyo akiwa amenishika mkono, na kila alipoondoka aliniachia kitu kwenye kiti: kitambaa, sabuni, mara moja kitasa cha mlango alichokipenda mwenyewe sokoni. Huyo ndiye mama mkwe wangu, anakupenda huku anakugombeza.

Kitu kimoja kilipaswa kunishtua. Kila nilipofika mlango wa nyuma, chaki mkononi, Zege alinipiga chenga.

"Nyuma kuko sawa," alisema. "Hebu nikuambie, yule fundi wa mabati leo kaangukia kwenye pipa."

Nami nikacheka habari ya pipa, nikaacha pale pakiwa na mstari mmoja wa chaki. Mume wangu hajui kudanganya. Akijaribu, anatazama dari. Lakini mimi nilikuwa nimeinamia meza nachora, sikumtazama.

Siku ya kuiona ikafika. Wenzake walikuwa wamemwaga vipande vya matofali juu ya ule mchanga na kuushindilia, njia ikawa ngumu kutoka barabarani hadi mlangoni. Zege alinishusha kwenye gari la rafiki yake, akaniweka kwenye kiti, akarudi nyuma hatua kadhaa na mikono mfukoni. Mama mkwe alikuwa amesimama pembeni amevaa nguo nzuri. Nikasukuma magurudumu, nikaupanda mteremko. Nikashika kitasa cha mama mkwe, nikafungua, nikaingia. Hakuna aliyenigusa.

Nililia, na sioni aibu kusema. Kioo cha ukumbini kilinionyesha uso mzima, na shingo, na mkufu niliouvaa kwa ajili ya siku hiyo. Nikawasha taa, nikazima, nikawasha, nikazima, mpaka mama mkwe akauliza nje kama kuna hitilafu. Jikoni magoti yangu yaliingia chini ya sinki bila kugonga kitu, na bomba lilikuwa palepale mkono unapoishia. Dirisha lilikuwa chini kiasi kwamba niliona njia, na majani, na kuku wa jirani. Nilikuwa nimezoea madirisha ya kuona mawingu. Bafuni nikageuza kiti duara zima, nikageuza tena, kwa raha tu.

"Zege!" nikaita. "Zege, umeniua!"

"Usife bado," alijibu kutoka sebuleni, na sauti yake ilikuwa na kitu ndani.

Nikarudi jikoni, nikaufungua mlango wa nyuma. Ua ulikuwa pale, mpana, na kamba mbili za kuanikia zimefungwa chini, usawa wa mikono yangu. Na kati yangu na ua kulikuwa na ngazi.

Ilikuwa moja. Ilikuwa imepigwa lipu safi, kingo zimeviringwa, imepakwa rangi nyekundu na kusuguliwa mpaka inang'aa. Nikaitazama sana. Ngazi ya kusahauliwa huwa mbaya, ni tofali limeachwa tu. Ile ilikuwa kazi ya mtu aliyekaa siku nzima na mwiko wake, akirudia kingo kwa kidole.

Zege alikuwa amefika nyuma yangu. Nilimsikia anavyopumua.

"Hii ni nini?"

"Mafundi walipitiwa," akasema.

Nikageuka. Alikuwa anatazama dari.

Mama mkwe akachungulia. "Nilimwambia!" akasema. "Mchana kutwa yuko hapo anasugua, nikamwambia mtoto atapitaje hapo?" Kisha akatuona nyuso zetu. "Mimi niko mbele," akasema, "naitazama milango ya ng'ombe."

Tulipobaki wawili, Zege alichuchumaa sakafuni, mgongo ukutani, mikono yake mikubwa katikati ya magoti.

"Nyumba nzima nimeijenga usinihitaji, Bosi," akasema. "Kila kozi ya matofali niliyopandisha niliona najitoa. Mlango huu hainibidi kukufungulia. Taa ile hainibidi kukuwashia. Nikafurahi, wallahi nilifurahi. Halafu nikafika hapa nikasema, hapa tu. Ngazi moja. Nimbebe mara moja kwa siku, si zaidi. Nisipokubeba mimi ni nani humu ndani? Mpangaji?"

Moyo uliniyeyuka wote, na hasira ikabaki palepale ilipokuwa. Sikujua kama vitu hivyo viwili vinaweza kukaa pamoja kwa mtu mmoja. Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumpiga na kitu kizito.

"Umetoboa suruali tena," nikamwambia.

Akainua macho.

"Ile siku ulitoboa ya kwako, nikacheka. Leo umetoboa ya kwangu." Nikamwonyesha uani kwa kidole. "Ua huu ndio nilioutaka kuliko vyote. Unajua. Nimeuchora mbele yako kila siku. Ukiwa kazini, mvua ikija, nguo zangu ziko kwenye kamba, mimi nitakuwa hapa mlangoni naziangalia zinavyolowa. Nitakuwa chini ya ngazi ileile, Zege. Umenihamisha tu."

Kisha akajifuta uso kwa mkono wake wote, akaamka, akaenda kwenye mfuko wa zana. Akarudi na nyundo na tindo.

"Rangi yenyewe haijakauka vizuri," akasema.

"Vunja."

Akavunja. Nilikaa mlangoni nikimtazama, na vumbi jekundu lilinijaa kwenye sketi. Kila alipopiga nilimhurumia, maana ilikuwa kazi nzuri kuliko ngazi zote alizowajengea watu, lakini sikumwambia aache. Jioni alimwaga zege, akalisawazisha kwa ubao likateremka taratibu hadi uani. Juu yake akachora mistari myembamba kwa mwiko ili magurudumu yasiteleze. Hakuna aliyemwambia aichore.

Tulihamia lilipokauka. Mama mkwe, aliyeogopa watu watatuonaje, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuzoea mteremko wa mbele. Magoti yake yaliupenda siku ya kwanza. Sasa anapita kwetu asubuhi na jioni, na akiingia anawasha taa kwa nyonga, mikono imejaa vyombo, anasema paka mwenyewe hana raha kama yeye.

Lakini Zege alikuwa mpole kupita kiasi. Asubuhi ya kwanza nilimwona anakuja kitandani ameshainama, mikono mbele, kama alivyozoea. Akaniona nimeshakaa kwenye kiti. Akasimama, akajifanya anatafuta viatu. Hakuna aliyeuliza mzigo wa nani, siku hiyo wala zilizofuata, na mimi nilifika dukani nikiwa na pengo ambalo sikulitarajia. Nilikuwa nimeshinda, na nilikuwa namkumbuka mtu ninayelala naye.

Kisha ikaja siku yake ya mapumziko. Alikuwa amelala kidogo baada ya chakula. Nikafua mashuka, nikaweka beseni mapajani, nikafungua mlango wa nyuma, nikateremka. Nikaanika moja moja. Nilipomaliza sikurudi. Nilisogea hadi kwenye kona ya ua, nyuma ya mashuka, nikakaa juani nimefumba macho. Sikuwa nafanya lolote.

Nikamsikia ndani. "Bosi?" Mlango wa chumbani, kisha wa bafu. "Bosi, uko wapi?" Akafungua mlango wa mbele, akaniita barabarani, akamuuliza mama yake, mama yake akamjibu yeye si mlinzi wangu. Nilitaka kuitika, sikuitika. Maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kutafutwa. Kila aliyenihitaji alinikuta palepale aliponiacha. Na sasa mume wangu alikuwa anahangaika nyumba nzima, hajui nilipo, kwa sababu nilikuwa nimekwenda mahali.

Nikamwacha anitafute kidogo zaidi. Mungu anisamehe, nilikuwa nasikia utamu.

Mwishowe akasukuma shuka kando, nywele zimevurugika, uso umejaa usingizi na wasiwasi. Akaniona. Akasimama mbali, kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa.

"Kumbe uko huku," akasema.

"Niko huku. Njoo unibebe."

"Kuna nini? Kiti kimekwama?"

"Hakijakwama."

"Umechoka?"

"Sijachoka, na ndani naweza kurudi mwenyewe. Nataka tu kubebwa. Mpaka nikuandikie barua?"

Alikuja taratibu, akainama, akaniinua kutoka kwenye kiti. Alinukia sabuni na usingizi. Alisimama nami katikati ya ua bila kunipeleka popote, na kiti kikabaki peke yake kwenye jua. Nilisubiri. Nilihisi kifua chake kinavuta pumzi mara mbili kabla ya sauti kutoka.

"Mzigo huu wa nani?"

"Wa mwenyewe," nikamwambia, na tukakaa hivyo mpaka mashuka yakaanza kukauka.